Kipimo cha kamera ya utumbo mpana: mtu wa Ukerewe ajipangeje?

Mnansio: Habari za jioni, wakuu. Nina miaka 43, naishi Nansio. Kaka yangu wa tumbo moja amegundulika na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 52. Daktari wake kasema sisi wadogo zake tusisubiri dalili. Tumbo haliumi, choo hakina damu. Kinachouma ni mfuko. Mliopima Bugando au kwingine hapo Mwanza, gharama zinakwendaje? Na ile dawa ya kuharisha, ya kusafisha utumbo kabla ya kipimo, naweza kuinywa nyumbani alfajiri kisha nipande kivuko?

Mama wa Igoma: Mdogo wangu, pole na ya kaka. Kivuko usithubutu! Dawa ikishakolea, katikati ya ziwa utamwambia nani asimamishe? Njoo ulale mjini, nyumba yenye choo ndani, na wenyeji uwaambie mapema kwamba usiku huo choo ni chako.

Bei: ukipiga simu usiulize "kipimo shilingi ngapi" ukaridhika na jibu. Uliza kama humo ndani kuna kumwona daktari, dawa ya kusafishia na sindano ya usingizi. Halafu uliza wakikuta kinyama kilichoota ndani ya utumbo itakuwaje, maana hukikata papo hapo na kukipeleka maabara. Mimi bili ya maabara ilikuja peke yake, tena sikuwa nimeandaliwa. Nilinuna wiki nzima. Kama una bima, wakuthibitishie kabla hujasafiri.

Chakula: siku chache kabla, achana na mchicha, maharage, karanga, dona na mapera. Wali mweupe na sato ruksa, hapo watu wa ziwani hatuna shida. Siku ya mwisho ni vya kunywa tu: chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji. Vinywaji vyekundu hapana, kwenye kamera vinafanana na damu. Dawa mimi niliipooza kwenye friji, nikawa nalamba ndimu kila baada ya glasi. Nusu jioni, nusu alfajiri, saa watakazokupa wao. Unatakiwa utoe maji ya njano yanayoangaza. Utumbo ukiwa mchafu wanakurudisha, na gharama inaanza upya.

Kijana wa Kirumba: Si kuna kile cha kupima damu iliyojificha kwenye choo? Rahisi, hakuna kufunga wala nini.

Nesi Mstaafu: Kipo, na kwa mtu asiye na historia kwenye familia kinafaa, arudie kila mwaka. Huyu ni mdogo wa mgonjwa. Mwongozo unaotumika sana unasema aanze kamera akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nduguye, unaotangulia kati ya hiyo. Kwa hiyo Mnansio, muda wako umeshafika. Tena mrudiano wako utakuwa karibu kuliko ile miaka 10 wanayopewa wengine wakikutwa safi. Njoo na mtu wa kukurudisha, dawa ya usingizi haikuruhusu kuendesha hata bodaboda siku hiyo.

Mnansio: Shikamoo Mama, asante. Shemeji yangu yuko Nyegezi, nitafikia kwake. Nesi, natumia vidonge vya kuongeza damu, niendelee?

Nesi Mstaafu: Vyenye madini ya chuma husimamishwa kama wiki moja kabla, vinafanya choo kiwe cheusi na cha kunata. Waambie siku unayopanga miadi wakupe tarehe. Ila kama kuna dawa ya sukari au ya kuzuia damu kuganda, usiguse kitu mpaka daktari aseme.