Asiyepiga kura atozwe faini?

Wanabaraza, jana jioni pale Sahare, Tanga, tukisubiri mashua, mzee mmoja kasema tufanye kama Australia: usipopiga kura, faini. Wengi wakamuunga mkono. Mimi nimekataa.

Kweli, kwao ilifaa. Mwaka 1922 walijitokeza chini ya asilimia 60. Sheria ikapita 1924, na uchaguzi wa 1925 wakavuka asilimia 91. Faini yenyewe leo ni dola 20 za kwao. Ila kule hupiga Jumamosi, na aliye safarini hupiga mapema au kwa posta. Sisi Tanzania mtu hupiga pale alipojiandikisha. Mvuvi yuko dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na kwao, huko Mafia, jina lake liko kwenye daftari la Sahare. Aache bahari, alipe nauli, apoteze siku mbili tatu? Halafu ndiye umtoze! Leteni hoja.

*Mkaa Ngamiani:* Kaka, nauli si kitu. 2010 tulipiga Jumapili, 2015 Jumapili vilevile, na hakuna aliyesogezewa Mafia karibu. Mbona kura zilitoka milioni 8.6 zikafika milioni 15.6? Sawa, daftari liliandikwa upya, lakini jambo kubwa lilikuwa mchuano wa Magufuli na Lowassa. Mechi ambayo matokeo unayajua, nani anakwenda uwanjani?

*Mama Chumbageni:* Nyie wanaume mmesahau aibu. Michigan, Marekani, mwaka 2006 watafiti walipelekea watu barua zinazoonyesha nani mtaani alipiga kura na nani hakupiga. Waliozipata walijitokeza karibu asilimia 38, wasiopata barua yoyote asilimia 30. Kwangu barua ilikuwa vidole vya mawifi zangu: wote vina wino, mimi cheupe! Nikajifunga kanga nikaenda. Diwani nilimchagua kwa bomba la maji aliloahidi na likaja. Hao wengine, sikufichi, nilifuata rangi ya chama, maana siwajui.

*Mwanzisha mada:* Dada, wino huo hata mimi umewahi kunitoa kitandani. Na wewe wa Ngamiani umenibana kwenye mchuano, sibishi. Lakini jibu hili moja: hiyo 2015 unayoisifu, waliokuwa dago walipigia wapi? Wawili wa mashua yetu walikuwa huko, na walimtaka mgombea wao kweli kweli. Matokeo waliyasikia redioni.