Mrejesho: maoni ya wafanyakazi kuhusu jengo jipya la shule

Asanteni. Niliuliza namna ya kupata maoni ya wafanyakazi kabla msanifu hajachora jengo jipya la shule hapa Nairobi. Fomu zilileta matamanio tu. Kilichosaidia ni mchoro kwenye karatasi kubwa (A1) ukutani siku 5, na vibandiko: chekundu kero, cha kijani lazima, cha njano ikiwezekana. Mwalimu mkuu asikae hapo. Akiwepo, wote hukubaliana naye.

Wasafishaji na wapishi walitoa ya maana kuliko walimu (mtanisamehe): bomba la maji ya deki kila ghorofa, lori la gesi lisipitie uwanja wa watoto. Walimu nao: madirisha yatazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi lisimulike ubao, chini ya mabati kuwe na dari, maana mvua ya Aprili humfunika mwalimu sauti.