Fundi amekula laki tisa na nusu zangu, kabati limevimba, halafu ananiuliza "kwa hela yako hiyo ulitaka nini?"

Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Niko Bombo, Uganda, hapa barabara ya Gulu, naandika na hasira tangu jana sijalala vizuri, mnisamehe maneno yakirukaruka.

Mwaka mzima nimesuka vikapu. Wanaojua vikapu vyetu vya Kinubi wanajua ile kazi, unasuka hadi vidole vinapasuka, na asubuhi kabla ya kusuka nimeshachoma maandazi ya watoto wa shule. Zamu yangu ya nigina, ule mchango wetu wa akina mama wa kupokezana, ikafika, nikajumlisha na akiba nikapata milioni 1 na laki 8. Kuna mtu kwake hiyo si pesa, kwangu mimi ni mwaka mzima wa maisha yangu. Na sikutaka makubwa jamani. Jiko langu lilikuwa chumba cheusi, moshi wa sigiri miaka tisa, sufuria zinakaa chini juu ya gunia, maji machafu natoa nje na beseni hata mvua ikinyesha. Nilitaka sinki moja, kabati la chini, kabati dogo la ukutani, na taili pale nyuma ninapopikia ili mafuta yakiruka nipanguse yatoke. Basi. Granaiti hata bei sikuuliza.

Seremala nilielekezwa na mtu ninayemwamini. Akaja akapima, akaandika kwenye kikaratasi, laki 11 kabati zote pamoja na bodi. Nikamuuliza bodi gani, maana chini ya sinki kuna maji. Akasema, "Hajati usiwe na wasiwasi, naweka plaiwudi ile ya maji, naenda mwenyewe Ndeeba kwenye soko la mbao la Kampala, wale watu nawajua." Akataka advansi laki 7. Nikampa. Sikuenda naye Ndeeba, hilo najilaumu hadi leo, nilikuwa na oda ya vikapu vya harusi nikasema acha nimalize.

Wiki tatu simu haishiki. Mara yupo msibani, mara bodi zimeisha sokoni, mara kijana wake anaumwa. Siku ya kuja akaja na vitu tayari vimepakwa rangi nyeupe kila upande, hadi kwenye kando zote, vinang'aa. Nikafurahi, Mungu anajua nilifurahi, nikampa laki 2 na nusu nyingine papo hapo.

Siku ya kumi na mbili mlango wa chini ya sinki ukakataa kufunga. Nikainama nikaangalia na tochi ya simu. Ile kando ya chini imenenepa, rangi imepasuka mstari mzima, nikigusa na kucha inachimbika inatoka kama biskuti iliyolowa chai. Nikabandua kipande. Plaiwudi ukiangalia kando yake unaona tabaka tabaka za mbao zimelaliana, hiyo hata fundi wa mtaani anakuonyesha. Hii yangu hakuna tabaka, ni unga wa mbao umegandishwa na gundi. Ni MDF, ndiyo jina la bodi hiyo ya unga! Na MDF ikishakunywa maji ikavimba hairudi tena, hata ukiianika mwezi mzima. Ndio maana alipaka rangi kando zote huko huko kwake, ili nisione. Yaani alikaa chini akafikiria jinsi ya kuniibia, hiyo ndiyo inaniuma kuliko hata pesa.

Na maji yenyewe yametoka wapi? Sinki hakuweka silikoni pembeni, kalitumbukiza tu kwenye tundu, kwa hiyo nikiosha vyombo maji yanapita pembeni yanashuka moja kwa moja juu ya bodi. Bomba la kutolea maji kalishusha wima hadi kwenye mtaro. Ile kona ya chini inayobaki na maji kidogo ili harufu isirudi juu, hakuna. Usiku jiko lote linanuka mtaro na mende wanapanda kupitia kwenye tundu la sinki, nimeweka kitambaa na kikombe juu yake. Droo ya juu haifunguki hadi mwisho maana inagonga lile lile bomba. Mtu umepima, umeona bomba linapita hapo, unawekaje droo hapo?

Taili nazo ni kesi nyingine. Nilinunua boksi 6 kwenye hadiwea moja ya mjini, 38,000 kila boksi, muundo mmoja, picha moja juu ya boksi. Zimebandikwa, jua la saa nne likaingia dirishani, nusu ya ukuta ni maziwa na nusu ni samli. Kumbe pembeni ya boksi kuna namba ya rangi imepigwa muhuri, maana taili za muundo mmoja zikichomwa siku tofauti rangi inaweza kupishana, na mwenye duka anajua, yeye ndiye anapanga boksi. Nilimwambia nataka ukuta mmoja, alikuwa anipe namba moja. Nimerudi na boksi moja ambalo sijalifungua, akanionyesha risiti, mali ikishauzwa hairudishwi. Hata kulitazama hakulitazama.

Fundi wa taili aliletwa na yule yule seremala. Anaweka madonge matano ya simenti nyuma ya taili, anabandika, anagonga, anaendelea. Hakuloweka hata moja kwenye maji. Taili za ukutani zile za udongo zina kiu, usipoziloweka zinanyonya maji ya simenti kabla haijashika. Sasa hivi nikigonga na kidole nyingi zinalia kama debe tupu. Juzi usiku wa manane moja ikadondoka juu ya sufuria ya maharage, mzee wangu akaamka na fimbo akidhani ni mwizi. Ingekuwa jioni hapo anasimama binti yangu wa miaka sita, ndipo anapopenda kusimama nikipika.

Nikampigia seremala kwa upole kabisa. Nikasema, "Fundi, mwanangu, njoo uone, kabati limevimba." Akanijibu, "Hajati, kwa hela yako hiyo ulitaka nini?"

Nikaenda kwa chemani wa LC, yaani mwenyekiti wa baraza la mtaa, akamwita, akaja, na mbele ya watu akarudia vile vile, kwa hela yake alitaka nini. Wengine wakatikisa kichwa kama wanakubaliana naye. Chemani akasema tusameheane. Tusameheane nini? Bei aliisema yeye! Mimi sikumwomba apunguze hata shilingi. Angesema laki 11 haitoshi plaiwudi ningemwambia acha kabati la ukutani, au acha milango nitaweka pazia la kitenge, nimeishi na gunia miaka tisa ningeshindwa na pazia? Mtu mwenye hela ndogo ndiye hawezi kurudia kazi mara mbili. Tajiri bodi ikivimba anaita fundi mwingine, mimi naanza kusuka upya.

Hata kulikuwa na njia ya bei nafuu na angeniambia kama angekuwa mkweli. Dada mmoja Wobulenzi kajengewa ya kwake kwa tofali na slebu nyembamba ya zege, juu taili, chini milango ya mbao tu. Maji yamwagike yasimwagike, hakuna cha kuvimba. Nimeenda nikaiona mwenyewe, nikarudi nimenyamaza njia nzima kwenye taksi.

Kitu pekee kizuri jikoni kwangu ni nilichofanya mwenyewe. Ukuta niliosha masizi na sabuni na brashi siku mbili, nikapaka rangi ya mafuta, unapanguswa unatoka safi. Na rafu ya zamani ya mbao za mti wa mugavu aliyoiacha mama mkwe, nilipiga msasa nikapaka vanishi, haijatikisika.

Sasa. Binti wa jirani anasoma sheria, kanionyesha kuna sheria ya 2017 ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma, inasema kitu ukiuziwa kwa kazi uliyoitaja lazima kifae kazi hiyo, na huduma ifanywe kwa uangalifu na ujuzi. Halafu kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, kanuni zake ni za 2011, madai yasiyozidi milioni 10, unajieleza mwenyewe bila wakili. Mimi nadai laki tisa na nusu na taili zangu. Kikaratasi chake cha vipimo ninacho, kimeandikwa "plaiwudi" kwa mkono wake, na ujumbe wa mobail mani wa mara zote mbili ninao, jina lake liko pale.

Aliyewahi kupeleka fundi kwenye madai madogo naomba aniambie, ilichukua muda gani, walikudai nini cha kwanza, na je walikuja kuangalia kazi au uliwapelekea picha? Na kuhusu zile taili, nimshitaki mwenye duka pamoja na seremala au kila mmoja peke yake? Msiniambie nimwachie Mungu, nimeshaambiwa na watu wa kutosha hapa mtaani.

Jumatatu naenda mahakamani Luweero. Ule mlango uliovimba nimeung'oa, nimeufunga kwenye gunia lile la sufuria, naenda nao.