Mzazi anataka niandike barua kwamba mtoto ana ADHD. Niandike nini?

ChakiNaVumbi (Kondele, Kisumu)
Walimu, hamjambo? Nina wanafunzi 58 wa Gredi ya 3. Kuna mvulana mmoja hakai kitako: anajibu kabla swali halijaisha, penseli zinapotea kila siku, na kazi anaianza lakini haimalizi. Mama yake amesikia habari za ADHD (tatizo la kukosa makini, kutotulia na kukurupuka), anataka nimwandikie barua ya kupeleka hospitalini ikisema hivyo. Mwalimu mkuu naye anataka faili lake liwe na "ripoti". Mwalimu anaruhusiwa kusema nini, na akusanye nini?

ElimuMaalum_Ahero
Usiandike neno ADHD popote, hata kwa penseli. Jina la ugonjwa hutolewa na daktari. Lako ni kuandika ulichokiona, na hicho daktari hawezi kukiona katika dakika 20 za kliniki.

Fanya hivi. Chagua dakika 10 za somo. Kila dakika ikifika, inua macho: yuko kwenye kazi au hayuko? Piga alama moja tu. Hesabu pia mara anazoinuka na maswali anayomaliza. Kisha fanya vivyo hivyo kwa mtoto mwingine wa jinsia yake, wa kawaida tu, asiwe namba moja wa darasa. Hapa ndipo wengi hukosea: wanamhesabu mmoja, halafu hawajui kama mara 4 za kuinuka ni nyingi au ndiyo hali ya darasa la watoto 58. Rudia kwa wiki 2, masomo tofauti, asubuhi na baada ya chakula cha mchana.

Ripoti isomeke hivi: "Hisabati, saa 3:10 asubuhi. Aliinuka mara 4, alimaliza maswali 2 kati ya 10. Mwenzake aliinuka mara 1, alimaliza 8." Ukiandika "msumbufu" au "mvivu", daktari hana la kufanyia kazi, na mzazi anakasirika bure. Andika pia anachokiweza. Mtoto anayetulia nusu saa akichora ni habari muhimu.

Kliniki_Nyalenda
Naongezea upande wa afya. Daktari atatafuta dalili 6 au zaidi kati ya 9 za kukosa makini, au 6 kati ya 9 za pilikapilika na kukurupuka, zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazoonekana mahali pawili au zaidi. Kwa hiyo muulize mama kuhusu nyumbani na kanisani. Akiwa msumbufu kwenye somo lako pekee, anza kuliangalia somo lenyewe.

Kabla ya yote, masikio na macho yapimwe. Mtoto aliyewahi kutoka usaha sikioni huenda hasikii vizuri, nasi tunasema hasikilizi. Huku ziwani msisahau selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli za damu) na upungufu wa damu: mtoto huchoka, akili ikatawanyika. Selimundu inaweza hata kuleta kiharusi kidogo kisichoonekana kwa nje, kikaacha tatizo la makini.

Anayeduwaa ghafla sekunde 5 hadi 15, mguse bega. Akishtuka na kukujibu, huenda alikuwa mbali kimawazo tu. Asipojibu, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, andika saa na idadi kwa siku: inaweza kuwa kifafa cha aina ya kuduwaa, na hicho kina dawa zake.

MamaWaNakuru
Si ni sukari na soda hizi?

Kliniki_Nyalenda
Hapana, dada. Watafiti wameipima sukari mara nyingi, haijaonekana kuleta ADHD. Kulala saa 5 usiku na kuamshwa saa 11 alfajiri kuna madhara zaidi darasani.

ElimuMaalum_Ahero
Mambo mawili zaidi. Angalia tarehe ya kuzaliwa: aliye mdogo kwa miezi 10 kuliko wenzake huonekana mtukutu, kumbe ni umri. Pili, wasichana. ADHD yao mara nyingi haina kelele. Anakaa kimya nyuma, daftari nusu tupu, na hakuna anayemripoti kwa sababu hamsumbui mtu.

Barua ipitie kwa mwalimu mkuu, nakala ibaki shuleni, mzazi akubali kwa maandishi. Mpeleke pia EARC (kituo cha tathmini na rasilimali za elimu) ya eneo lenu, vituo hivi vipo tangu 1984. Wao hutathmini mahitaji ya masomo.

Huku mkisubiri, mkalishe mbele, mbali na mlango. Maswali 10 yagawe: 3, 3, 4, na kila fungu akuletee ulione, hapo amepata sababu halali ya kuinuka. Maagizo yawe moja moja. Na kiboko hapana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekikataza, na hata hivyo hakimfundishi kukaa.

ChakiNaVumbi
Asanteni. Jumatatu naanza kuhesabu. Wa kulinganisha nimempata, dawati la tatu. Na kuna msichana wa nyuma kabisa, naye nitamwekea karatasi yake.