cd (amri ya kuhamia saraka) inatoa njia ya saraka mara mbili ndani ya skripti

MwangaKigoma: Wakuu, skripti yetu ya nakala rudufu ina mstari huu:
`d=$(cd "$1" && pwd)`
Kwenye kompyuta ya Kigoma iko sawa. Ya Tabora, nikiipa `ripoti`, `$d` inabeba mistari miwili inayofanana, na tar (programu ya kufungasha faili) inagoma. Zote zinatumia bash. Ni hitilafu?

Isevya_sh: Hapana mkuu, ndivyo POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix) inavyoagiza: cd ikiipata saraka kupitia CDPATH (orodha ya mahali ambapo cd hutafuta saraka), lazima ichapishe njia mpya. Angalia `env | grep CDPATH`. Bila shaka kuna mtu ameiweka kwa `export`, skripti zikairithi. Ifanye tupu kwa amri hiyo, andika:
`d=$(CDPATH= cd -- "$1" && pwd)`
Mistari miwili ndiyo shida ndogo. CDPATH husomwa kwanza, kwa hiyo kama haina nukta mwanzoni unaweza kuingia `ripoti` ya kwingine kabisa huku iliyo mbele yako ikirukwa. Jina linaloanza na `/`, `./` au `../` haliguswi.

UjijiRoot: Naongeza: `--` inakinga majina yanayoanza na kistari, ila kistari kimoja peke yake bado ni OLDPWD (saraka uliyotoka), nacho pia huchapisha. Saraka yenye jina hilo (nani huipa?) iite `./-`.

MwangaKigoma: CDPATH ipo kweli. Niweke na `-P`?

Isevya_sh: Kama kuna simlinki (kiungo kinachoelekeza kwenye saraka nyingine), ndiyo: `cd -P`, hufuata njia halisi. Bila hiyo, `cd kiungo/..` inakurudisha ulipokuwa, wakati `ls kiungo/..` inaonyesha saraka mama ya kule kiungo kinakoelekea.