Kung'oa mfumo wa umeme wa zamani kwenye Beetle: nianzie wapi, nibakishe nini?

Kombamwiko73:
Wakuu, salaam. Nipo Ohio. Nina VW Beetle ya 1973 iliyotolewa injini ya petroli miaka ya 1990 ikawekwa umeme. Betri 16 za Trojan T-105 za volti 6 kila moja, jumla 96 (6 mbele, 10 nyuma), kontrola (kidhibiti cha mota) Curtis 1231C, kontakta (swichi kubwa ya sumaku) Albright SW200, mota ya Advanced DC inchi 8. Betri hazishiki chaji. Nataka kung'oa vyote niweke lithiamu. Nianzie wapi, na kipi kisitupwe?

Mzee wa Ampea:
Chomoa chaja ukutani kwanza. Chaja nyingi za wakati ule hazina transfoma ya kutenganisha, kwa hiyo umeme wa nyumba unaweza kuwa kwenye betri na wewe umeshika spana.

Kabla hujalegeza nati hata moja, pima volti kwa mita ya umeme: chanya kuu hadi bodi ya gari, kisha hasi kuu hadi bodi. Tupe namba hizo.

Halafu vua saa na pete, zungushia spana solotepu ya umeme ibaki mdomo tu, na utoe waya unaounganisha betri ya 8 na ya 9. Hapo umebaki na mafungu mawili ya volti 48. Gawanya tena hadi ufike 24. Cheche ya DC (umeme wa betri) haikatiki kirahisi kama ya umeme wa nyumbani, na spana ikilala juu ya vichwa viwili vya betri inaganda kama imechomelewa.

Kontrola bado ina chaji kwenye kapasita zake (vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme). Unganisha balbu ya wati 100 ya nyuzi kati ya B+ na B- (nguzo zake za chanya na hasi); itawaka kidogo na kufifia. Mita ikishuka chini ya volti 5, endelea. Nati za kontrola zifunguliwe kwa spana mbili, moja ikizuia, la sivyo unapinda vile vibao vya shaba na kuharibu ndani.

Na usitoe betri gari likiwa juu ya stendi! Kila moja ina kilo 28 hivi, zote karibu 450. Ukimaliza za mbele tu, uzito wote uko nyuma.

Binti Koili:
Ya kubakisha: mota na kontrola. Seli 32 za LiFePO4 (aina ya lithiamu) zikijaa ni volti 116.8, na 1231C ni ya volti 96 hadi 144, basi inafaa. Kontakta ipime koili yake (waya wa sumaku) ikiwa haina umeme: kati ya nguzo mbili kubwa pasiwe na njia. Ukiona kama ohm 750, hiyo ni rezista ya kujazia kapasita, itoe upime upya. Ukisoma sifuri, vinundu vya ndani vinavyogusana vimeshikana, tupa.

Chaja tupa bila huruma. Ni ya betri za asidi, haijui seli moja moja za lithiamu.

Mota ijaribu kwa betri ya volti 12 tu, ikiwa imefungwa kwa mkanda, maana inaruka inapoanza. Volti 96 bila mzigo, mota ya sirisi (kama hii) inapanda kasi hadi inapasuka. Vumbi la kaboni lipulize kwa kompresa; komyuteta (silinda ya shaba inayoguswa na brashi za kaboni) ya rangi ya chokoleti usiisugue, ndivyo inavyotakiwa.

Tindikali iliyomwagika: bikaboneti ya soda (baking soda) kwenye maji. Povu likikoma, suuza.

Kombamwiko73:
Asanteni. Nimepima: chanya hadi bodi 60, hasi hadi bodi 36. Inamaanisha vichwa vya betri vichafu?

Mzee wa Ampea:
60 na 36 ni 96 kamili, kwa hiyo kuna njia ya umeme kwenda bodi; namba hizi pekee hazisemi kama ni unyevu wa tindikali au shaba. Anza kutafuta mahali shaba inagusa bodi. Volti 36 kutoka hasi ni betri sita. Kama hasi kuu iko mbele, hapo ndipo ulipo waya mnene unaotoka boksi la mbele kwenda la nyuma. Lala chini uangalie unapopita kwenye tundu la sakafu: huenda raba ya tundu imekwisha na ganda limekatwa. Toa kiungo cha 8 na 9 kwanza, kisha waya huo, kabla ya kugusa betri nyingine yoyote.