Naomba ushauri: Waisraeli walikaa Misri miaka 400, 430 au 210?

Mwanafunzi wa Torati: Ndugu zangu, salamu. Ninaandaa somo la kitabu cha Kutoka na nimekwama kwenye hesabu. Mwanzo 15:13 inatabiri miaka 400 ya ugeni na mateso, na Kutoka 12:40 inataja 430. Hata hivyo, Kohathi, ambaye Mwanzo 46:11 inamtaja miongoni mwa walioshuka Misri, aliishi miaka 133, mwanawe Amramu 137, na Musa, mwana wa Amramu, alikuwa na miaka 80 alipozungumza na Farao. Hata nikijumlisha umri wote huo, bila kutoa miaka ambayo baba na mwana waliishi pamoja, napata 350 tu. Wafafanuzi wa Kiyahudi wanalitatuaje jambo hili?

Mzee wa Maandiko: Ndugu, hesabu hiyohiyo ndiyo aliyoitumia Rashi (1040–1105), mfafanuzi wa Troyes nchini Ufaransa, kuthibitisha kwamba miaka 400 haiwezi kuwa ya Misri peke yake. Yeye anaanza kuhesabu tangu kuzaliwa kwa Isaka, kwa kuwa unabii unasema "nchi isiyo yao" bila kuitaja Misri, na Isaka aliishi Kanaani akiwa mgeni. Isaka alikuwa na miaka 60 Yakobo alipozaliwa, na Yakobo alikuwa na 130 aliposimama mbele ya Farao. Ukitoa 190 katika 400, inabaki 210 ya Misri.

Bint Karani: Kuhusu 430, Seder Olam, kitabu cha kale cha tarehe kinachonasibishwa na Rabi Yose ben Halafta wa karne ya 2, kinaanzia kwenye agano la vipande, yaani agano la Mungu na Abrahamu katika Mwanzo 15, miaka 30 kabla ya Isaka kuzaliwa. Kwa kuwa Abrahamu alikuwa na miaka 100 Isaka alipozaliwa, wakati wa agano alikuwa na miaka 70, ilhali Mwanzo 12:4 inasema aliondoka Harani akiwa na 75. Ndiyo maana inaelezwa kwamba alikwenda Kanaani, akarudi Harani, kisha akahama tena. Kwangu hapa ndipo penye ugumu mkubwa zaidi, kwa sababu tukio la sura ya 15 linalazimika kulitangulia lile la sura ya 12.

Mwanafunzi wa Torati: Nashukuru sana. Lakini Kutoka 12:40 inataja Misri waziwazi.

Mzee wa Maandiko: Ni kweli, na ugumu huo ni wa zamani: tafsiri ya Kigiriki, Septuaginta, inaongeza Kanaani katika aya hiyo, na Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi, katika Megila 9a, inataja nyongeza ya namna hiyo miongoni mwa mabadiliko ya watafsiri. Nakushauri uwape wanakikundi umri wa Kohathi, Amramu na Musa kwanza, wajumlishe wenyewe, kabla hujamtaja Rashi.